BABADOOK: MTOTO MSUMBUFU AU MAMA ALIYECHOKA? (Sehemu ya 4)

Bado tuko kwenye mada yetu ya uchovu wa mama. Leo naipitishia kwenye muvi, The Babadook ya Australia, iliyoongozwa na mwanamama Jennifer Kent mwaka 2014. Natahadharisha mapema, mwisho wake nitausema.

Kwa ufupi: Amelia ni mjane. Mumewe alikufa kwa ajali ya gari akimpeleka hospitali kujifungua. Mtoto, Samuel, sasa anakaribia miaka 7, na siku yake ya kuzaliwa haijawahi kusherehekewa tarehe yenyewe, maana ndiyo siku ya msiba. Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, akirudi nyumbani mtoto halali. Usiku mmoja wanasoma kitabu ambacho hakijulikani kimetoka wapi, ndani yake kuna jitu jeusi lenye kofia ndefu. Kuanzia hapo nyumba haina amani.

Sasa watu hawaelewani kabisa kuhusu hii muvi. William Friedkin, aliyeongoza The Exorcist mwaka 1973, alisema hajawahi kuona filamu ya kutisha kuliko hii. Watazamaji wengine wanasema hamna kitu, jitu lenyewe halionekani vizuri, wamepoteza muda. Wengine hawamtaki yule mtoto, anapiga kelele mno. Na wapo wanaosema tatizo ni mama, hana upendo.

Mimi nasema wanaoona haitishi walikuwa wanasubiri jini litoke kabatini. Kinachotisha ni mama ambaye hajalala. Tazama anavyobadilika: kwanza anasahausahau, halafu hasira za ghafla, halafu mtoto anaomba chakula anajibiwa matusi, halafu anaona vitu. Kent hakutuambia moja kwa moja kama lile jitu ni pepo kweli au ni kichwa cha mama kilichochoka, na mimi naona alifanya vizuri. Yaani hata lingekuwa pepo, yule mama alihitaji usingizi na mtu wa kumpokea mtoto.

Na hapo ndipo penye kosa la wale wanaosema "mama mbaya". Hebu hesabuni waliomsaidia. Dada yake mwenyewe anamkwepa kwa sababu ya mtoto. Daktari anampa vidonge vya kumlaza mtoto. Anayekuja kugonga mlango ni bibi jirani, na yeye mwenyewe ni mgonjwa wa Parkinson! Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kweli kabisa.

Kuhusu vidonge, naomba niseme kama nesi. Usimpe mtoto dawa ya mafua au kikohozi ili tu alale wewe upumzike. Dawa hizo zinaweza kumlewesha na kumletea shida ya kupumua, hasa mchanga. Mama akichoka, dawa yake ni kupokewa mtoto.

Mwisho nao umegomba watu. Jitu haliuawi. Linabaki chini ya nyumba na mama analipelekea minyoo kwenye bakuli. Wengi walitaka life tuondoke. Lakini muulize aliyefiwa kama msiba huwa unaisha. Unatulia, unajua unakaa wapi, na siku nyingine unapiga kelele. Amelia alipokubali hivyo, ndipo mtoto akafanyiwa sherehe siku yake.

Kitu kimoja kilinigusa sana. Kwenye maeneo ambayo mama anamtolea mtoto maneno makali, yule mtoto mwigizaji, Noah Wiseman, hakuwekwa pale kuyasikia. Mtu mzima alipiga magoti mahali pake ndipo Essie Davis akayasema. Kama kwenye maigizo walimkinga mtoto na maneno, sisi majumbani tusiseme "ah, bado mdogo, haelewi".

Kwa hiyo ushauri wangu: watoto wasiiangalie. Na wewe uliyejifungua juzi, iache kwanza.

Mama kulialia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Ikizidi wiki mbili, hana raha, hataki mtoto, halali hata mtoto akilala, hiyo inaweza kuwa sonona. Njoo kliniki useme. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea inawapata karibu akina mama 20 kati ya 100 waliojifungua, kwa hiyo hujalaaniwa wala hujarogwa. Akisikia sauti, au akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake na mtoto. Kama mnataka kuomba, ombeni mkiwa njiani.

Akina baba, leo usiku chukua zamu moja. Mmoja tu. Mama alale saa nne mfululizo bila kuitwa.

Walioiangalia, niambieni: mlimwonea nani huruma, mama au mtoto? Sehemu ya 5 tutaongelea mama mkwe na siku arobaini. Msikimbie!