Umesomea Nyumbani na Umri Umesonga: Chuo Kikuu Utaingilia Wapi?

Hebu leo tuweke kando habari za simu mpya, tuzungumzie jambo linalowagusa wengi wanaotaka kuingia katika kazi hii yetu ya kompyuta.

Hapa Woodley nina jirani wa miaka 26. Hakukanyaga shule ya upili. Wazazi wake walimfundisha nyumbani, kisha akajifunza Python na hifadhidata mwenyewe kupitia intaneti. Programu zake nimezisoma na ni safi. Sasa anataka shahada ya sayansi ya kompyuta. Kikwazo ni kimoja: hana cheti cha KCSE, na mlango mkuu wa vyuo vikuu vyetu ni alama ya C+ katika mtihani huo.

Kuna watakaosema, "Shahada ya nini? Kazi yenu ni ujuzi tu!" Jamani, si rahisi hivyo. Mimi ninayo, na najua ilichonipa: hisabati na nadharia ambazo ni wachache huzisoma peke yao kwa hiari. Tena matangazo mengi ya kazi bado yanaanza na neno "shahada".

Tusidanganyane, njia zipo. Ya kwanza ni kufanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Hapo unahitaji masomo yasiyopungua saba, na sayansi zina karatasi ya vitendo inayotaka maabara. Nani ana maabara sebuleni? Ya pili ni mitihani ya Cambridge, ambayo mtu binafsi anaweza kuifanya kupitia British Council hapa Nairobi, kisha cheti chake kilinganishwe na cha Kenya. Andaa mfuko. Ya tatu ni kupanda ngazi: cheti, diploma, halafu shahada. Hiyo ndiyo ninayomshauri jirani yangu, lakini atamaliza akiwa na miaka thelathini na kitu.

Sasa nauliza: kwa nini hatuna njia ya nne iliyo wazi kwa kila mtu? Angalia majirani. Chuo Kikuu cha Makerere kina mtihani wa kuingia kwa watu wazima, kuanzia miaka 25. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mtihani wa namna hiyo, ingawa wao wanataka uwe umemaliza kidato cha nne. Si mlango wa bure: ukishindwa, unabaki nje. Lakini unapimwa kwa unachojua leo.

Wengine wataogopa kwamba viwango vitashuka. Viwango hushuka mtihani ukiwa mwepesi, basi utungwe mgumu! Mpe mtu karatasi ya hisabati, mpe tatizo aliandikie programu mbele ya msimamizi. Sisi waandishi wa programu tunajua ubaya wa mfumo unaokataa faili kwa sababu ya jina lake bila kuifungua uone kilichomo.

Wapo pia wanaosema ni kosa la wazazi. Kweli, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni. Lakini jirani yangu hakujichagulia shule akiwa na miaka saba. Mbona alipie yeye uamuzi wa wazazi maisha yake yote?

Sote tulimpigia makofi Mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Tunasahau kwamba makofi hayakumfungulia mlango. Ulifunguliwa na serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003. Sera ndiyo hufungua milango.

Na muda unayoyoma. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Sheria za kuingia vyuoni lazima ziandikwe upya kwa ajili ya vijana wa mtaala mpya, kwa hiyo kalamu iko mezani tayari. Wanaoishika waongeze mstari mmoja kwa ajili ya mtu mzima asiye na cheti: aje, afanye mtihani, akifaulu apewe kiti.

Wewe uliye katika hali hii, usingoje mstari huo. Anza cheti muhula ujao.