Kipandauso na Tundu la Moyo: Kabla ya Kuuza Tuktuk, Tuulize

Wiki mbili zilizopita niliingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mchango. Binti wa mtaani kwetu, mama wa watoto wawili, anateswa na kipandauso tangu yuko shule. Kimempeleka kwenye kombe, hijama na kila aina ya dawa. Sasa kipimo kimeonyesha ana tundu dogo moyoni, na wakala wa safari za matibabu amemhakikishia kwamba likizibwa India, kichwa kitapona. Zinatakiwa laki tisa. Mumewe yuko tayari kuuza tuktuk inayowalisha.

Nilipouliza kikundini kama kuna daktari wa mishipa ya fahamu aliyemwona, mzee mmoja akanijibu: "Kwani wewe wataka mtoto asitibiwe?" La hasha. Mimi si daktari, lakini suala hili limechunguzwa kwa miaka mingi, na yaliyopatikana yanafaa kujulikana kabla pesa hazijatoka.

Kwanza, tundu lenyewe. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, kwa hivyo Mwenyezi Mungu amemwekea njia ya damu kupita kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto. Akizaliwa, mlango huo hujifunga. Kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne haufungi sawasawa, na wengi wao huishi na kuzeeka bila kujua. Kwa hivyo kulikuta tundu kwa mtu anayeumwa kichwa si ushahidi kwamba tundu ndilo linalomuumiza.

Hata hivyo, fikra hii haikuzuka hewani. Daktari wa moyo wa Uingereza, Peter Wilmshurst, alikuwa akiwatibu wapiga mbizi wanaotumia mitungi ya hewa. Baadhi yao waliozibwa tundu kwa sababu ya madhara ya kupiga mbizi walisema kipandauso nacho kimepungua. Tena, tundu hili huonekana zaidi kwa wenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Dhana ikawa kwamba vitu ambavyo mapafu yangevichuja vinapenya tunduni na kufika kwenye ubongo.

Dhana ikapimwa Uingereza kwa wagonjwa 147. Nusu waliwekewa kifaa cha kuziba. Nusu walilazwa usingizi na kuchanjwa kinenani tu, bila kuwekewa chochote, na bila kujua wako kundi gani. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Waliopona kabisa walikuwa 3 kati ya 74 waliozibwa, na 3 kati ya 73 ambao hawakuzibwa. Tafiti nyingine mbili, za mwaka 2016 na 2017, nazo hazikufikia lengo zililojiwekea. Ni kweli kwamba katika ule wa 2017 wachache waliozibwa waliacha kuumwa kabisa, kuliko wasiozibwa. Hiyo ni sababu ya kuendelea kuchunguza. Si sababu ya kumwahidi mtu uponyaji.

Wilmshurst mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa utafiti wa Uingereza, alikataa kutia jina lake kwenye ripoti, akasema hadharani kuna kasoro katika jinsi ulivyofanywa na kuelezwa. Kampuni ya Marekani iliyotengeneza kifaa ikamshtaki kwa kuichafulia jina. Aliandamwa na kesi hadi kampuni ikafa mwaka 2011. Ikiwa daktari bingwa aliburutwa mahakamani kwa kuuliza, basi na tujue kuuliza ni jambo la thamani.

Tusichanganye mambo, lakini. Kuziba tundu hili kuna mahali pake. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba kwa watu wasio wazee waliowahi kupata kiharusi ambacho chanzo kingine hakikupatikana, kuziba kunapunguza hatari ya kiharusi cha pili. Mgonjwa wa namna hiyo akichangiwa, nami nitachanga. Binti yetu hajawahi kupata kiharusi.

Kinachonisikitisha ni kwamba hakuna aliyemfanyia yale ya karibu kwanza. Hajapewa dawa za kinga zinazomezwa kila siku, kama propranolol au amitriptyline, ambazo ni za zamani na si ghali. Hakuna aliyemwambia aandike siku anazoumwa, alichokula na alivyolala. Na hakuna aliyemuuliza anameza vidonge vya maumivu mara ngapi kwa wiki, ilhali kuvizidisha huleta maumivu mapya ya kichwa.

Kwa hivyo, kabla ya kuchanga, tumuulize daktari asiyelipwa na safari: Je, tundu hili limewahi kuleta kiharusi? Dawa za kinga zimejaribiwa vilivyo? Kuziba kuna hatari gani, ikiwemo moyo kupiga ovyo na kutoka damu? Na asipopona, nani atazirudisha laki tisa?

Dini imetuhimiza kutafuta dawa, na kuchangiana ni katika mema yetu watu wa Pwani. Lakini pesa za mchango ni amana. Tuktuk ile ikiuzwa na kichwa kikabaki kinauma, yule mama atakuwa na maradhi yaleyale, na watoto hawana chakula. Allah ampe shifa.