Hundi ina wino wa sumaku, kura ya rais ina nini?

Makamanda, hapa Igwachanya tumebishana sana kijiweni kuhusu mashine za uchaguzi. Jamaa mmoja kasema, "Wakileta mashine kama za benki, wizi wa kura kwisha." Mimi nasema hapana.

Tuanze na OMR, mashine ya kusoma alama. Sisi tuliomaliza darasa la saba 2012 tunaijua, maana mwaka huo ndipo Baraza la Mitihani lilianza kuitumia kwenye mtihani wetu. Unatia kivuli kwa penseli kwenye herufi ya jibu, mashine inamulika karatasi, palipokolea giza inahesabu. Haijui umeandika nini, inajua tu alama iko wapi. Ukifuta vibaya, imekula kwako. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura nalo lilianza na fomu za OMR, mpaka ilipokuja BVR ya alama za vidole Februari 2015. Na BVR ilianzia mkoani kwetu, Makambako.

Sasa MICR. Tazama chini ya hundi yoyote, utaona tarakimu zenye umbo la ajabu: namba ya hundi, ya benki, ya akaunti. Zimechapwa kwa wino wenye chembe za chuma. Mashine inazitia sumaku, kisha inazisoma. Hata mtu akigonga muhuri juu yake zinasomeka, na fotokopi ya kawaida haina sumaku hiyo. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1950 baada ya mabenki kuzidiwa na hundi.

Je, tuihamishie kwenye kura? Haiwezekani. MICR inasoma kilichochapwa kabla, OMR inasoma chaguo la mtu. Mpiga kura hatembei na wino wa sumaku mfukoni. Halafu tusidanganyane: kura zetu zinahesabiwa kwa mkono kituoni. Mashine imetusaidia kwenye daftari.

Lakini funzo lipo. Hundi hailindwi na wino peke yake. Pesa ikitolewa kwenye akaunti yako isivyo halali, unalalamika benki. Wakikukatalia, unakwenda mahakamani na benki inaleta kumbukumbu zake. Wino ni ushahidi tu, na ushahidi unahitaji mtu wa kuusikiliza.

Kura ya rais je? Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishamtangaza mshindi, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuuchunguza uchaguzi wake. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua katika shauri la Jebra Kambole kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, ikaiagiza serikali irekebishe. Ibara bado ipo. Yaani hundi ya elfu hamsini ina pa kulalamikia, kura ya rais haina!

Kwa hiyo tuache kubishania mashine. Daftari likibandikwa, nenda kakague jina lako na la bibi yako. Wakala wa kituo asitoke bila nakala ya fomu ya matokeo. Na kila tunapodai Katiba mpya, tuitaje Ibara ya 41(7) kwa namba yake. Hata ije mashine ya namna gani, bila mlango wa mahakama ni pambo tu.