Nani Kawaambia Ukaidi Huu Umetoka Marekani?

Kaa kijiweni Busia, upande wowote wa mpaka, au kwenye foleni ya malori Malaba, wilayani Tororo. Wakitajwa mashoga, utasikia wimbo uleule: watu hawa walikuwa wametulia, Wazungu wakaja na dola zao wakawafundisha kushindana na polisi. Mjuaji wa kijiwe ataongeza habari za Stonewall, ile baa ya New York ambako Juni 1969 wateja waliwageukia askari waliokuja kuwakamata. Eti yote yameanzia pale.

Ni uongo, na wanaonufaika nao ni askari wala rushwa.

Julai 2005, viungani mwa Kampala, mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) alivamia usiku nyumba ya Victor Mukasa, mtetezi wa haki za mashoga na wasagaji. Mukasa hakuwepo. Mwenyekiti akabeba nyaraka zake, kisha akamkamata mgeni aliyemkuta ndani, Mkenya Yvonne Oyoo. Akampeleka ofisini kwake, akamnyima hata ruhusa ya kwenda chooni, halafu akamfikisha kituo cha polisi cha Kireka. Huko alivuliwa nguo na kushikwa matiti, ati wahakikishe kama ni mwanamke.

Wawili hao wakaishtaki serikali. Desemba 2008, Jaji Stella Arach-Amoko wa Mahakama Kuu ya Uganda aliamua kwamba haki zao zilivunjwa: uhuru, utu na faragha ya nyumba. Oyoo akapewa fidia ya shilingi milioni 10 za Uganda, Mukasa milioni 3.

Sasa nionyesheni Marekani iko wapi hapo. Wadai ni Mganda na Mkenya, jaji ni Mganda, katiba ni ya Uganda ya 1995. Kama tunasaka kilicholetwa na Wazungu, tuanze na kifungu cha "kinyume cha maumbile", tulichorithi Kampala na Nairobi kutoka kwa wakoloni Waingereza.

Mtasema wanaharakati wana wafadhili. Sawa. Mfadhili akimlipa wakili, ndiye aliyemvua mtu nguo kituoni?

Kenya nako ni hivyo hivyo. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, Kwale, wakalazimishwa kupimwa sehemu za siri kutafuta ushahidi wa ushoga. Walipinga hadi Mahakama ya Rufani Mombasa, ambayo Machi 2018 ilitamka kuwa upimaji huo ulikiuka haki zao.

Ni kweli Uganda imekaza kamba. Sheria ya 2023 ina kifungo cha maisha, na kwa makosa mengine hukumu ya kifo. Ilipopingwa, Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa isimame, lakini Aprili 2024 ikafuta vifungu vilivyomlazimisha raia kuripoti na vilivyomwadhibu mwenye nyumba aliyeruhusu nyumba yake itumike. Mwenye gesti mpakani anayetishwa kwa vifungu hivyo anatishwa kwa kitu kilichokwisha kufutwa.

Sisi wa mpakani tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mama anayevusha gunia la mahindi kwa njia ya panya, bodaboda aliyesahau kitambulisho, mgeni wa ng'ambo aliyelala kwa shemeji yake, wote wanaijua kauli ya "toa kitu kidogo twende". Askari aliyezoea kuingia nyumba za watu bila hati hataishia kwenye mlango wa shoga. Atafika kwako, na haja yake ya kwanza ni kujua mfukoni una shilingi ngapi.

Dini yako ikikukataza ushoga, shika dini yako. Lakini usimpigie makofi anayevunja mlango wa jirani. Katiba waliyoitumia Mukasa na Oyoo kuishinda serikali ndiyo hiyo hiyo utakayoikimbilia wewe siku mlango wako utakapogongwa.