Ubwari: Somo la lishe liende pamoja na chakula

Rasi ya Ubwari, wilayani Fizi, imechomoza ndani ya Ziwa Tanganyika. Ndagala wanaanikwa ufukweni, mihogo inalimwa vilimani, mawese yapo sokoni. Hata hivyo utapiamlo haujatoka huku, na watoto wa familia zilizokimbia vita wako hatarini zaidi.

Familia hizo hazikuanza kuja jana. Kwa miaka watu wamekuwa wakishuka kutoka nyanda za juu za Itombwe na Minembwe. Desemba 2025, M23 walipoingia Uvira, wengine walikimbilia kusini, upande wa Fizi na Baraka. Wengi hawakai kambini. Wamepokelewa na wenyeji ambao nao hawana akiba.

Katika kituo cha afya mtoto anapimwa mkono kwa utepe. Ukisoma chini ya milimita 115, rangi nyekundu, anapewa plumpy, kifuko cha gramu 92 chenye kalori 500. Kifuko hicho kinaokoa maisha, hatuna ugomvi nacho. Mama naye anafundishwa: titi peke yake kwa miezi 6, kisha uji wenye karanga, ndagala waliosagwa na tone la mawese, huku akiendelea kunyonyesha hadi miaka 2.

Somo ni sahihi. Lakini mama aliyekimbia hana shamba. Anaamkia kibarua katika shamba la mwingine, na kichanga kinabaki na dada yake mdogo hadi jioni. Huyu hahitaji kuambiwa kwamba maziwa yake ni bora. Anajua! Akilipwa mihogo, mtoto atakula mihogo, ambayo inajaza tumbo lakini protini yake ni kidogo mno. Baadaye lawama zinakuja kwamba akina mama wanagawa plumpy kwa watoto wasioandikishwa. Mwenye watoto wanne wenye njaa afungue kifuko kimoja mbele yao, ampe mmoja tu? Sisi hatuwezi kumhukumu.

Tunaloomba ni dogo. Siku ya somo, mama aondoke na ndagala na karanga mkononi, au kuponi ya kuvinunua kwa wavuvi na wakulima wa hapa hapa Ubwari. Fedha itazunguka kijijini, na mwenyeji hatamwona mgeni kama mzigo. Familia zilizopokea wageni ziingie kwenye orodha ile ile, maana sufuria ni moja. Tangu Marekani ikate misaada yake mwaka 2025, fedha za mashirika zimepungua, kwa hiyo serikali ya jimbo isikae ikingoja wafadhili.

Na kuna ardhi. Machifu wanaweza kusimamia makubaliano ya kuwaazima akina mama hawa vipande vya shamba kwa msimu mmoja, mbele ya mashahidi, ili wakati wa kuvuna mtu asifukuzwe. Mvua za kupanda huanza Septemba. Mazungumzo yafanyike kabla ya hapo.