Gitare ya Katanga haiko mbao tu

Kuna wenzetu, tena watu wa masomo, wanaosema ya kama gitare isiyo ya mbao haiko gitare. Plastiki ni kitu cha duka, mbao njo desturi. Mu mashindano fulani ya vijana wameandika hata kanuni: chombo kiwe cha mbao tupu. Sisi tunakataa.

Desturi gani? Gitare yenyewe ilitufikia toka inje. Wakati Hugh Tracey alirekodi Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville (leo Likasi) mu 1952, kitu alichofuata ni vidole vya kijana wa Bunkeya, si mti. Sahani za Bosco zilitoka na jina la Gallotone. Na kwa jina lile lile, Afrika ya Kusini ilitengeneza magitare ya bei ndogo ya tripleksi, ni kusema mbao nyembamba zilizoshikanishwa na kole, na ahadi ya kama hayatapasuka. Na nyuzi? Zamani zilikuwa za matumbo ya wanyama. Toka miaka ya 1940 gitare ya klasiki inavaa nailoni. Hakuna mzee aliyelia juu ya matumbo.

Watajibu: sauti inapotea. Basi tuangalie. Antonio de Torres wa Hispania, fundi ambaye gitare ya klasiki inamfuata mpaka leo, alitengeneza mu 1862 gitare yenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, na uso wa mbao. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka zaidi ku uso. Chombo kile kiko mu makumbusho ya muziki ya Barcelona. Mu 2018 wachunguzi wa Uingereza walichukua magitare 6 yenye kufanana, tofauti ikiwa paka mti wa mgongo na mbavu, wakayapatia wapigaji 52 bila kuwaacha waone wanashika gani. Mti wa bei kali haukushinda mti wa bei ndogo.

Na tuseme kweli juu ya pori. Wale wanaolilia mbao, walikuwa wapi wakati malori yalibeba mukula ya Haut-Katanga kuelekea Uchina? Mti ule uliingia mu orodha ya CITES mwisho wa 2019, wakati mingi yake ilikwisha kukatwa. Pembeni ya Lubumbashi miti inaisha mu makala. Gitare haimalizi pori, tunajua. Lakini kijana anayetafuta ubao mukavu wa kazi yake anaupata kwa bei ya kuogopesha, ao anapewa ubao mubichi. Ubao mubichi, ikifika mwezi wa saba, hewa inakauka, kole inaachia, shingo inapinda.

Hatusemi anunue gitare ya karboni ya Wazungu. Ile inapita mshahara wa mwalimu wa miezi mingi. (Na magitare ya plastiki ya watoto, yale ya soko, hayo ni takataka, tusidanganyane.) Tunasema juu ya vitu vilivyo karibu: fibre na rezini, ile ambayo mafundi wa karoseri wanapakaa ku magari. Marekani, Ovation ilianza kufanya migongo ya fibre mu 1966. Fundi wa mutaa anaweza kufanya muundo mumoja wa mgongo, halafu akaurudilia mara nyingi, na mbao chache nzuri akazichunga kwa uso na shingo. Formika nzito inafaa pa ubao wa vidole. Lakini vumbi ya fibre ni mbaya kwa mapafu: afunge pua, afanyie kazi inje, na watoto wasikaribie.

Watoto wetu wanapiga tayari gitare ya bidoni na waya za freni za kinga. Hawakungojea ruhusa. Kanuni ya mbao tupu inafungia mulango yule ambaye baba yake hana mutaji, na inamufungulia mwenye kununua gitare dukani. Hiyo wanaiita kulinda utamaduni!

Kwa wale wanaopanga mashindano ombi letu ni moja: futeni kanuni hiyo, mutundike rido kati ya juri na wapigaji, na kila mutoto aingie na chombo alichonacho. Kisha juri iseme imesikia nini.