Filamu za pauni mbili zilizofika Kihonda

Jumamosi moja mama mmoja mkazi wa Kihonda, Morogoro, aliwawekea watoto wake CD ya katuni, kisha akatoka uani kufua. CD hiyo aliinunua stendi kwa shilingi 2,000. Kava lake lilikuwa na picha 14 zilizobanana, karibu zote za katuni. Filamu ya kwanza ilikuwa katuni kweli, na ya pili pia. Ya tatu ilianza yenyewe bila mtu kugusa rimoti, na ilikuwa ya watu wanaokatana mapanga.

Mama alishtuliwa na ukimya. Alipoingia ndani alimkuta kijana wake wa miaka 10 ameganda mbele ya TV, na mdogo wake wa kike, mwenye miaka 6, amejifunika uso kwa khanga. Kwa wiki tatu binti huyo hakukubali kulala kitandani kwake.

Baba watoto alitaka deki ifungwe kabatini na habari iishie hapo. Mama hakukubaliana naye. Yeye ni muuguzi, wiki nyingine huingia zamu ya usiku, na anajua kwamba deki ikifungwa watoto watahamia kwa jirani au kwenye kibanda umiza, ambako hakuna wa kuangalia wanachokiangalia. Kutumia intaneti nako kulimshinda. Bando la familia halitoshi filamu nzima, na hata likitosha, video moja ikiisha nyingine huanza yenyewe, tatizo lilelile la CD ya stendi. Alichotaka ni filamu moja ndani ya diski moja, inayoanza na kuisha, na yeye ajue kilichomo kabla watoto hawajakaa chini.

Ndipo akamkumbuka wifi yake anayeishi Reading, Uingereza.

"Shikamoo wifi," alimtumia sauti WhatsApp. "Hivi huko kwenu filamu orijino za watoto ni bei gani?"

"Marahaba mama. Huku watu wanazitupa. Kila mtu anaangalia mtandaoni, kwa hiyo zilizotumika unapata hata kwa pauni mbili. Lakini usinunue bila kuniuliza."

Akanunua bila kumuuliza. Ilikuwa saa nane ya usiku, wodi imetulia, simu iko mkononi, na kila alichobonyeza kilikuwa na bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Alichagua sita: The Lion King, Babe, Mary Poppins, Paddington, Queen of Katwe, na moja iitwayo Gremlins, ambayo kavani ilikuwa na kiumbe kidogo chenye manyoya na macho makubwa ya huruma. Filamu zote sita zilifika pauni 17. Alipofika ukurasa wa kulipia, posta peke yake ikawa pauni 31.

Hapo ndipo wanunuzi wengi huachwa midomo wazi. Duka kubwa la mtandaoni mara nyingi si duka moja bali ni soko, na ndani yake wamo wauzaji wengi, kila mmoja na ghala lake. Diski sita kutoka kwa wauzaji wanne ni vifurushi vinne na posta nne. Angezichukua kwa muuzaji mmoja, au angezielekeza nyumbani kwa wifi yake zisubiri mtu anayekuja likizo, gharama ingeshuka sana. Diski yenyewe haifiki gramu 20. Kinachobeba uzito ni lile boksi lake la plastiki, na msafiri anaweza kuliacha, akaweka diski na karatasi ya kava kwenye kibegi cha CD, dazeni nzima ikaingia pembeni ya sanduku.

Kuna na forodha. Bei ya kwenye tovuti ya Uingereza kwa kawaida huwa na VAT ya huko ndani yake, asilimia 20, na baadhi ya wauzaji huiondoa mzigo unapokwenda nje ya nchi. Ukifika Tanzania unaweza kudaiwa ushuru, pamoja na VAT ya hapa ya asilimia 18. Hesabu hiyo haianzii kwenye bei ya diski peke yake, bali hujumlisha na gharama ya kuisafirisha. Diski ya pauni mbili yenye posta ya pauni tano machoni pa forodha si kitu cha pauni mbili.

Mama alilipa. Jumla ilikuwa zaidi ya shilingi 150,000, na baba watoto alijua siku alipoona ujumbe wa makato. Maneno yaliyofuata hayahitaji kuandikwa. Kibaya zaidi ni kwamba mama alikuwa ameshawaambia watoto. Alimwahidi hasa binti yake kwamba itakuja filamu ya msichana wa Kampala anayecheza chesi, na binti akaanza kuhesabu siku.

Wiki ya sita posta wakapiga simu. Vifurushi vyote vilifika, na hakuna kilichopasuka. Jioni ile binti ndiye aliyechagua, akachagua Queen of Katwe. Deki ikaimeza diski, ikazunguka, kisha kwenye kioo yakatokea maandishi ya Kiingereza kwamba diski hii hairuhusiwi katika eneo hili. Wakaitoa, wakaifuta kwa kitambaa, wakairudisha. Maandishi yakawa yaleyale. Binti hakulia. Alisema tu, "Si ulisema itakuja," akaenda chumbani.

Chanzo kilikuwa nyuma ya kava, kwenye kimchoro cha dunia chenye tarakimu katikati. Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia katika kanda, ili diski iliyouzwa sehemu moja isichezwe kwenye deki iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu nyingine. Kwa DVD, Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya Magharibi, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Kusini ni kanda ya 2. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika zimo kanda ya 5, pamoja na India na Urusi. China ni kanda ya 6. Diski yenye tarakimu 0 au neno ALL haina kizuizi.

Kwa kufuata ramani hiyo, hata zile tano za Uingereza zilipaswa kugoma Kihonda. Lakini zilicheza, kwa sababu deki ya familia hiyo ililetwa na mfanyabiashara kutoka Dubai, na Dubai iko kanda moja na Uingereza. Ilikuwa bahati tu. Queen of Katwe ilitoka kwa muuzaji wa Marekani aliyeweka bidhaa zake kwenye tovuti hiyohiyo, na nyuma yake kulikuwa na 1. Filamu ya mtoto wa Katwe, iliyopigwa hapo Uganda na kutolewa mwaka 2016 na kampuni ya Disney, ilikuwa imezunguka hadi Marekani, ikavuka bahari kurudi Afrika Mashariki, kisha ikakataliwa mlangoni.

Mpwa wa baba watoto, mwanafunzi wa chuo, alisema hiyo kazi ndogo, atumie kompyuta yake. Ni kweli kompyuta inaweza kubadilishwa kanda, lakini kisomeo chake cha DVD huruhusu mabadiliko matano tu. La tano likipita, kinabaki kwenye kanda ya mwisho moja kwa moja. Kijana alikuwa ameshabadilisha mara nne bila kujua kuna hesabu. Alipoona kompyuta inamwambia imebaki moja, akaifunga taratibu.

Aliyewaokoa ni fundi wa redio na TV mjini. Deki nyingi zina menyu iliyofichwa, inayofunguliwa kwa kubonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, na humo kanda hubadilishwa au huondolewa kabisa. Fundi alifanya hivyo kwa dakika chache na kutoza shilingi 5,000. Deki nyingi za bei nafuu za Kichina hazihitaji hata hilo, kwani husoma kanda zote tangu zinunuliwe. Njia rahisi ya kujua ni kuazima diski moja ya nje na kuijaribu kabla ya kuagiza, si baada.

Filamu ikacheza, lakini bila rangi. Sababu ilikuwa TV ya chogo. Diski za Marekani hutumia mfumo wa picha uitwao NTSC, wakati za Tanzania na Uingereza hutumia PAL. TV bapa za siku hizi hupokea yote mawili, ila chogo la zamani linaweza kuonyesha NTSC kama picha za enzi za mkoloni. Dawa ilikuwa kwenye mpangilio wa deki yenyewe, sehemu ya mfumo wa TV, ambako mama alichagua PAL. Rangi zikarudi, na binti akarudishwa sebuleni.

Mzazi anayetazama Blu-ray badala ya DVD ana ramani nyingine tena, na safari hii imekaa vizuri kwa Mwafrika, kwani Afrika na sehemu kubwa ya Ulaya ziko kanda B. Marekani ni A. Diski za 4K hazina kanda. Tatizo ni kwamba deki ya DVD haisomi Blu-ray kabisa, ingawa deki ya Blu-ray husoma DVD. Diski hizo mbili hulingana ukubwa na kung'aa, na picha ya mbele huwa ileile, kwa hiyo asiyesoma jina la aina ya diski atanunua kitu cha kupambia ukuta.

Bei nayo ina kikomo cha kushangilia. Filamu iliyotumika kwa pauni mbili ni jambo la kawaida, kwa kuwa huko watu wanaziondoa majumbani. Seti mpya ya filamu 20 kwa bei hiyohiyo ni jambo la kutilia shaka. Diski orijino ya kiwandani huwa ya fedha upande wa chini. Ile iliyochomwa kwenye kompyuta mara nyingi huonyesha rangi ya zambarau au bluu. Aliyenunua feki kutoka ng'ambo amelipa posta ya kimataifa kwa kitu ambacho stendi wanacho.

Wifi aliposimuliwa yote alicheka hadi akakohoa. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Hiyo Gremlins umeangalia namba ya kavani?"

Mama alikuwa ameangalia, kwa namna yake. Usiku ule wa zamu alisoma mahali kwamba Marekani filamu hiyo ni PG, yaani mtoto anaweza kuitazama kwa uangalizi wa mzazi, sawasawa na Paddington. Hakujua kwamba Gremlins ya mwaka 1984 ni moja ya filamu zilizofanya Marekani ianzishe daraja jipya la PG-13 mwaka huohuo, baada ya wazazi kulalamika kwamba watoto wao wametishwa. Uingereza iliipa 15. Kinyama kile chenye macho ya huruma huzaa wengine, na hao wengine hawana huruma hata kidogo.

Kwenye diski za Uingereza alama ni U kwa watoto wote, PG, 12, 15 na 18, na sheria ya huko inakataza kumuuzia mtoto diski iliyozidi umri wake. Za Marekani ni G, PG, PG-13 na R. Herufi PG zinafanana, lakini waliozitoa ni watu tofauti, wenye hofu tofauti, na filamu za kabla ya 1984 hazikupata nafasi ya kupewa PG-13. Kwa mzazi anayenunua za zamani, na za zamani ndizo za bei rahisi, alama ya PG ya Marekani ni sababu ya kukaa na kuitazama mwenyewe kwanza.

Mama aliitazama peke yake asubuhi moja alipotoka zamu, watoto wakiwa shuleni. Sehemu ya kwanza alicheka. Ilipofika jikoni kwenye mashine ya kusagia, akaizima.

Sasa binti analala kitandani kwake. The Lion King imetazamwa mara nyingi kiasi kwamba baba watoto anaimba pamoja nao bila kutaka. Mama huwawekea maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na kijana ameanza kuyasoma kwa sauti, akimrekebisha mdogo wake kwa makosa. Ameagiza nyingine nne, zote kwa muuzaji mmoja, zote zimeelekezwa Reading, na safari hii wifi alitumiwa picha ya nyuma ya kila kava.

Gremlins iko juu ya kabati, imeviringishwa kwenye kitenge cha zamani. Kijana ana miaka 10, na anajua iko pale.